Bunge lisome mikataba ya umeme kabla ya saini, si baada ya faini

KWAKO MHARIRI,

Zuio la mikataba mipya ya ununuzi wa umeme ambalo Bunge la Kitaifa liliweka mwaka 2023 liliondolewa mwaka 2025, na kampuni zinazotaka kujenga mitambo ya upepo, jua na mvuke zimerudi kupanga foleni. Hatupingi kuondolewa kwake. Nchi ambayo matumizi yake ya umeme saa za jioni yamepita megawati 2,300 haiwezi kukaa miaka mingi bila mtambo mpya. Lakini kuweka zuio na kuondoa zuio si ukaguzi. Kwa miaka mingi mambo yamekwenda hivi: Kenya Power hutia saini, mdhibiti EPRA hupitisha bei, Hazina ya Kitaifa hutoa barua ya kuunga mkono mradi, na miaka mitano au saba baadaye kamati ya Bunge humwita katibu wa wizara kumuuliza faini imetoka wapi. Wakati huo hakuna tena la kuamua isipokuwa mlipaji: ni mlipa ushuru, au ni mwenye mita?

Mjadala bungeni hupenda kuzunguka bei ya uniti. Bei ya uniti ni rahisi kuonekana, na mara nyingi kwa miradi ya kawi safi si mbaya. Fedha nyingi hupotelea kwenye vifungu vinavyofuata bei: nani anajenga laini na nini kitatokea ikichelewa, malipo ni kwa sarafu gani, umeme usiohitajika usiku wa manane unalipwa na nani, na mkataba ukivunjika serikali imeahidi nini.

Chukua mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulioko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Kihandisi ni mradi mzuri. Una mitambo 365 ya Vestas, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310, mahali ambapo upepo ni mkali na wa kutegemewa kuliko sehemu nyingi duniani. Mkataba wa miaka 20 na Kenya Power ulitiwa saini mwaka 2010, na bei ikapangwa kuwa senti 7.52 za yuro kwa uniti, ambayo ni nafuu sana ukiilinganisha na umeme wa mitambo ya mafuta mazito. Tatizo halikuwa bei. Tatizo lilikuwa kifungu kinachosema kwamba mitambo ikiwa tayari na laini ya serikali haijafika, umeme ambao ungezalishwa utahesabiwa kana kwamba umepokelewa, na utalipwa.

Kufikia Machi 2017 mitambo yote ilikuwa imesimikwa. Laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, takriban kilomita 430, ambayo ilikuwa jukumu la serikali kupitia KETRACO, kampuni yake ya kusafirisha umeme, ilianza kupitisha umeme Septemba 2018. Katikati hapo mwanakandarasi wa kwanza, kampuni ya Isolux ya Uhispania, alifilisika, na kazi ikamaliziwa na kampuni za China. Deni la kuchelewa lilifika takriban yuro milioni 127. Yuro milioni 46, yaani karibu Sh5.7 bilioni, zililipwa mara moja. Milioni 81 zilizobaki ziliongezwa kwenye bei ya uniti, takriban senti 0.85 za yuro kwa muda wa miaka sita.

Tuangalie hiyo nyongeza kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha namna gharama inavyotoweka machoni pa Bunge. Mradi huo unaweza kutoa uniti zipatazo bilioni 1.6 kwa mwaka. Zidisha na senti 0.85 za yuro, utapata karibu yuro milioni 13.5 kwa mwaka. Mara miaka sita, milioni 81. Fedha hizo hazikupita kwenye makadirio ya bajeti. Hakuna fungu lililopigiwa kura likiitwa faini. Ziliingia kwenye gharama ya kununua umeme, na gharama ya kununua umeme huingia kwenye bili ya kila nyumba. Zile Sh5.7 bilioni zilizolipwa mkupuo mmoja angalau zilizua kelele. Zilizopitia kwenye mita zilikuwa nyingi kuliko hizo, na hazikupata nusu ya mjadala.

Je, hili lingejulikana mapema? Lingejulikana kwa hesabu ya dakika tano. Uniti bilioni 1.6 ukizigawanya kwa miezi 12 ni uniti milioni 133 kwa mwezi. Mara senti 7.52 za yuro, ni takriban yuro milioni 10. Maana yake, kwa hesabu ya juu juu, kila mwezi ambao laini ingechelewa ungeweza kuzaa dai la yuro milioni 10. Mbunge mwenye takwimu hiyo mkononi kabla ya ujenzi angeuliza swali moja tu: mmelipa fidia ya ardhi kwa kilomita ngapi kati ya 430?

Na wapo waliouliza, ila hawakuwa wabunge wetu. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika mradi huo ikihofia kwamba Kenya Power ingelazimika kulipia umeme ambao gridi isingeweza kuutumia wote. Mwaka 2013 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dhamana ya yuro milioni 20 mahsusi kwa hatari ya laini kuchelewa. Wakopeshaji walikuwa wamesoma kifungu, wakapima uzito wake, wakatafuta kinga yao. Hatari ile ile, iliyokuwa ikimkabili mwenye mita wa Kisumu na Mombasa, haikutafutiwa kinga na yeyote.

Fidia ya ardhi ni jambo ambalo kamati inaweza kulikagua bila kuwa na mhandisi hata mmoja. Laini ya kilovolti 400 huhitaji ukanda wa upana wa mita 60. Kwa kilomita 430 hiyo ni ardhi ya zaidi ya hekta 2,500, na minara zaidi ya elfu moja ukikadiria umbali wa mita 400 kati ya mnara na mnara. Nyaya hazivutwi mnara kwa mnara. Huvutwa kwa kipande kizima, kutoka mnara wa mkazo, yaani mnara imara unaozifunga nyaya, hadi mnara wa mkazo unaofuata, na kipande kimoja huweza kuwa cha kilomita kadhaa. Mwenye shamba mmoja akikataa kuchimbiwa mashimo manne ya miguu ya mnara kwa sababu hundi yake haijafika, kipande hicho kizima hakivutwi, na kipande kimoja kisipovutwa, laini yote haina kazi. Ndiyo maana taarifa ya “asilimia 95 ya laini imekamilika” haina maana yoyote kwa anayelipa. Laini ya asilimia 95 hupitisha sifuri. Kamati isikubali asilimia. Idai orodha ya minara kwa namba: upi umejengewa msingi, upi umesimikwa, upi hauna idhini ya mwenye ardhi, na fidia yake imekwama katika ofisi gani.

Tungependa pia mkataba usianze kuuma kabla ya idhini za ardhi kukamilika. Hili huandikwa kama sharti la awali: tarehe ambayo muuzaji anaanza kuhesabiwa umeme ihesabiwe kuanzia siku ambayo ukanda wote umelipiwa, si kuanzia siku ya saini. Muuzaji atalalamika, na wakopeshaji wake pia, kwa sababu wanataka tarehe isiyoyumba. Basi apewe tarehe isiyoyumba, lakini iwe imepangwa baada ya hundi za ardhi kulipwa. Serikali inayoahidi tarehe huku haijatenga fedha za fidia inaahidi kwa mfuko wa mwananchi.

Jambo la pili ambalo Bunge haliligusi ni namna umeme huu wa kuhesabiwa unavyopimwa. Umeme uliopokelewa una mita mbili mahali unapoingia kwenye gridi, ya malipo na ya kulinganisha, na pande zote mbili hutia saini masomo ya mwisho wa mwezi. Umeme ambao haukuzalishwa hauna mita. Hukadiriwa. Kwa upepo, huchukuliwa kasi ya upepo iliyosomwa kwenye kila mtambo, ikalinganishwa na jedwali la mtengenezaji linaloonyesha kasi hiyo hutoa kilowati ngapi, kisha ikatolewa ile mitambo iliyokuwa mibovu au kwenye matengenezo siku hiyo. Vipima-upepo viko juu ya mitambo, nyuma ya mapanga yake, na rekodi ziko kwenye kompyuta za muuzaji.

Katika kasi za kati, kabla mtambo haujafikia uwezo wake wa juu, nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Kipima-upepo kikisoma asilimia 5 zaidi ya ukweli, umeme unaokadiriwa hupanda kwa karibu asilimia 16. Hatusemi kuna anayeiba. Tunasema kifaa kidogo kilichokosa kusawazishwa kinaweza kubadilisha ankara ya mamilioni, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akipelekewa ankara peke yake hana njia ya kuliona kosa hilo. Mkataba unapaswa kumpa mnunuzi haki ya kuweka nguzo yake ya kupima upepo ndani ya eneo la mradi, kupata nakala ya rekodi za kila dakika kumi, na cheti cha kusawazisha vipimo kila mwaka. Kwa mitambo ya jua hali hugeuka: vumbi likitanda kwenye kipima-mwanga, usomaji hushuka na muuzaji ndiye anayepunjika, kwa hiyo huyo hatahitaji kukumbushwa kukisafisha. Kamati ya Bunge haihitaji kujua kusoma rekodi hizo. Inahitaji kuuliza kama zipo, nani anazihifadhi, na nani wa upande wetu amewahi kuzifungua.

Sababu ya umeme kukatika nayo ina bei. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi iliingia gizani. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea ghafla kwa umeme kutoka Loiyangalani. Kampuni ya mradi ikajibu kwamba mitambo yake ilijizima kwa sababu volti za gridi zilipanda kupita kiasi. Wananchi wengi waliuona huo kuwa ugomvi wa kulaumiana. Kwa kawaida ya mikataba ya namna hii, ni ugomvi wa pesa: kosa likiwa la mtambo, saa za kuzimika hazilipwi; likiwa la gridi, huhesabiwa na kulipwa. Kwa hiyo kila tukio la kuzimika lipewe sababu iliyoandikwa na kituo cha kitaifa cha kudhibiti umeme, na orodha ya matukio hayo ifike bungeni pamoja na kiasi kilicholipwa kwa kila tukio.

Kuna na lile la usiku. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri matumizi ya nchi hushuka hadi takriban nusu ya yale ya jioni. Saa hizo hizo upepo wa Turkana huvuma sana, na visima vya mvuke vya Olkaria havizimwi kama taa. Mkataba wa upepo ukisema lazima kuchukua au kulipa, anayesimamia gridi hupunguza mvuke, na mvuke hutolewa hewani. Mwingi wa umeme huo wa mvuke ni wa KenGen, kampuni ambayo wananchi, kupitia serikali, wanamiliki sehemu kubwa yake. Gharama ya mvuke uliomwagwa haionekani kwenye mkataba wa upepo, na hasara ya visima haionekani kwenye ripoti ya Kenya Power. Mkaguzi anayesoma kampuni moja moja hawezi kuiona. Ni kamati tu, ikiwaita wote wawili siku moja na kuwataka walete rekodi za saa kwa saa za mwezi ule ule, inayoweza kuiona. Kabla ya kuidhinisha megawati nyingine za upepo, kamati iulize ni ngapi kati yake zitatumika kati ya saa sita usiku na alfajiri, na kama mradi una betri za kuhifadhi, betri hizo zinahamisha uniti ngapi kutoka alfajiri hadi jioni.

Kuhusu sarafu tutasema kwa ufupi kwa sababu hesabu inajieleza. Mpango wa bei maalum wa mwaka 2012 uliweka umeme wa jua unaoingia kwenye gridi kwa senti 12 za dola. Dola ikiwa Sh129, hiyo ni Sh15.48 kwa uniti. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia Sh160, uniti ile ile, jua lile lile, ilikuwa Sh19.20. Tofauti hiyo huja kwenye bili kama marekebisho ya ubadilishanaji wa fedha za kigeni, na hutangazwa kila mwezi kwenye gazeti rasmi la serikali. Halafu ongeza upotevu. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Kenya Power ilipoteza takriban asilimia 23 ya umeme ilionunua, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. Kwa kiwango hicho, uniti iliyonunuliwa Sh10 inakuwa imegharimu karibu Sh13 inapofika kwenye mita inayolipiwa. Kila senti iliyokosewa kwenye mkataba hukua kabla ya kumfikia mteja.

Bei ile ya senti 12 inastahili neno moja zaidi. Ilibaki kwenye sera hadi mwaka 2021, ilhali paneli zilikuwa zikishuka bei mwaka baada ya mwaka. Mei 2016 Zambia ilifanya mnada wa umeme wa jua na mshindi akaomba senti 6.02 za dola. Ni kweli Zambia ilisaidiwa na mikopo nafuu na dhamana, kwa hiyo si haki kusema tungepata bei ile ile. Lakini sera yetu ya minada kwa miradi ya upepo na jua ilitoka 2021, miaka mitano baadaye. Hakuna sababu ya kiufundi iliyozuia kamati kuuliza, mwaka 2016 au 2017, kwa nini bei ya 2012 bado inatumika. Bei yoyote isiyobadilika inayowekwa na sera iwe na tarehe ya kufa, na Bunge ndilo liiulizie tarehe hiyo ikifika.

Kisha barua. Mwekezaji binafsi hupewa na Hazina barua ya serikali ya kuunga mkono mradi. Si dhamana ya mkopo, kwa hiyo haiji bungeni kwa njia ya dhamana za kawaida, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka ziidhinishwe na Bunge. Hata hivyo barua ina meno. Mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60.8 katika Kaunti ya Nyandarua, ulifutwa mwaka 2016 baada ya mvutano na wakazi kuhusu ardhi, na wawekezaji wakaipeleka serikali kwenye usuluhishi wa kimataifa wakidai mamilioni ya dola. Mwaka 2018 Kenya ilishinda. Ingeshindwa, mlipa ushuru angelipia mitambo ambayo haikuwahi kuzungusha panga hata moja. Hazina huzitaja barua hizi katika taarifa zake za deni, jambo ambalo tunalishukuru, lakini mbunge akisoma jina la mradi na kiasi cha fedha bila kuona matukio yanayoanzisha malipo, hajajua kitu. Maandamano ya wakazi yamo? Amri ya mahakama imo? Sheria mpya ya kodi imo? Hayo ndiyo ya kusoma kabla barua haijatoka.

Wengine watasema mikataba hii ni siri ya kibiashara. Ibara ya 125 ya Katiba inazipa kamati za Bunge uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kulazimisha nyaraka zitolewe. Kifungu cha siri kati ya Kenya Power na muuzaji hakiwezi kuifuta Katiba. Kama kuna fomyula ya mtengenezaji inayostahili kulindwa, isomwe katika kikao cha faragha. Bei, sarafu, tarehe, faini na majina ya wamiliki havina sababu ya kufichwa, kwa maana anayelipa ni umma. Tena Ibara ya 260 imetaja mwanga wa jua miongoni mwa maliasili, na Ibara ya 71 inataka mikataba ya kutumia maliasili iidhinishwe na Bunge. Mawakili wabishane kuhusu upana wa ibara hizo. Bunge halihitaji kusubiri mwisho wa ubishi ndipo lisome.

Tunaomba wabunge wasitumie hoja hizi kuipiga vita kawi safi. Jopo la Rais lililopitia mikataba mwaka 2021, likiongozwa na John Ngumi, lilisema kampuni binafsi huzalisha asilimia 25 ya umeme na kuchukua asilimia 47 ya gharama ya ununuzi. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mara dhidi ya upepo na jua, lakini ndani yake mna mitambo ya mafuta inayolipwa ada ya kuwa tayari hata inapokaa bila kufanya kazi. Ukichanganya vyote kwenye kapu moja utamwadhibu asiyekosa. Ndiyo sababu tunataka ripoti itenganishe mradi mmoja mmoja.

Ripoti hiyo haihitaji kuwa kitabu. Ukurasa mmoja kwa kila mradi, kila mwezi, unatosha: uniti zilizopokelewa, uniti zilizohesabiwa bila kupokelewa na sababu ya kila tukio, bei kwa sarafu ya mkataba na kwa shilingi, kiasi kilicholipwa, kiasi kinachodaiwa pamoja na riba ya kuchelewa kulipa, na kiasi kilichopitishwa kwa wateja kwenye marekebisho ya mwezi huo. Takwimu zote hizi zipo tayari. Kenya Power inazo, kwa sababu ndizo inazolipia. EPRA inazo, kwa sababu ndizo inazotumia kutangaza marekebisho. Kinachokosekana ni amri ya kamati kwamba ziwekwe mahali pamoja na zichapishwe.

Kalenda ya Katiba nayo ifuatwe. Mwaka wa fedha huisha Juni 30. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita, hadi mwisho wa Desemba, na inalipa Bunge miezi mitatu baada ya kupokea ripoti kuijadili na kuchukua hatua. Maana yake ripoti ya Kenya Power na ya KETRACO zingekuwa zimejadiliwa kufikia mwisho wa Machi. Kamati ya Uwekezaji wa Umma inayoshughulikia masuala ya kibiashara na kawi inapozijadili zikiwa zimechelewa kwa miaka, afisa aliyetia saini huwa amestaafu, na Ibara ya 226 inayomtaka aliyeidhinisha matumizi haramu ayalipie mwenyewe hubaki maandishi tu. Ripoti za miradi yenye faini inayokua kila mwezi zipewe nafasi ya kwanza kwenye ratiba, hata kama za zamani bado zimerundikana.

Mwisho ni watu. Mahesabu ya mradi wa umeme huja kama jedwali la kompyuta lenye kurasa nyingi, ambamo ukibadilisha riba kwa asilimia moja bei nzima husogea. Mikopo ya miradi hii kwa kawaida huisha kulipwa kabla ya mkataba wa miaka 20 kufika mwisho, na swali la kama bei itashuka deni likiisha lina thamani kubwa kuliko mabishano yote ya bei ya kuanzia. Mbunge hawezi kulijibu akisoma muhtasari ulioandikwa na muuzaji. Ofisi ya Bajeti ya Bunge iajiri mhandisi wa mifumo ya umeme, mtaalamu wa mahesabu ya miradi na wakili wa mikataba ya umeme, na kila mradi mpya ulete jedwali lenyewe, si picha yake. Mishahara ya watu watatu kwa mwaka mzima haifikii faini ya siku moja ya laini kama ile ya Loiyangalani.

Kwa sasa tunaiomba Kamati ya Kawi jambo moja la kuanzia. Mkataba wa kwanza wa upepo au jua utakaofika mezani tangu zuio liondolewe usitiwe saini kabla muhtasari wa masharti yake haujachapishwa kwa siku 14, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukionyesha bei, sarafu, mwenye jukumu la laini, idadi ya wenye ardhi ambao hawajalipwa fidia, na kiasi cha shilingi tutakachodaiwa kwa kila mwezi ambao laini itachelewa.

Wahandisi na wahasibu wa sekta ya umeme,
Nairobi